Jogoo wa Mtani

Mimi nilipiga kura ya Ndiyo. Naanza na hilo ili msije mkanisikiliza hadi mwisho halafu mkaniona mtu mwema. Nilipiga Ndiyo kwa mkono huu huu ulioshika chaki miaka thelathini na moja, nikachovya kidole kwenye wino, nikarudi nyumbani kuchochea maharage. Swali la kura ile ya maoni lilikuwa refu, limejaa maneno ya kisheria, lakini maana yake ilikuwa fupi: wakazi wote wa vijiji vya mpakani wahakikiwe upya, na asiyethibitishwa aondolewe. Mimi nilikuwa nawaza vita vya ng'ambo ya Ruvuma, nawaza watu wasiojulikana wanaovuka na mizigo isiyojulikana. Sikumuwaza Esperanca. Hakuna mtu pale Mnalembo aliyewaza watu wa kuja akamuwaza Esperanca.

Naitwa Magreth. Kwetu ni Same, milimani, na Mnalembo nililetwa na barua ya ajira na sanduku moja la bati. Mimi ndiye wa kuja hasa. Lakini siku ya uhakiki nilitoa kitambulisho changu cha ualimu, kijana wa mezani akasimama akaniamkia, akaandika, akanirudishia kwa mikono miwili. Sikumaliza hata dakika tatu. Esperanca alifika kijijini kabla sijazaliwa mimi, akiwa mgongoni kwa mama yake, na yeye ndiye aliyeondoka.

Mama yake alivuka mto mwaka sitini na sita, Wareno walipochoma kijiji chao. Alitembea na mtoto wa miezi minne na sufuria moja mpaka akaona nyumba inayofuka moshi, akapiga hodi. Ilikuwa nyumba ya wazazi wa Nandonde. Nandonde mwenyewe wakati ule alikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi. Mama yake Nandonde alimuuliza yule mgeni ukoo wake, mgeni akataja, na yule mama badala ya kusema karibu akamwambia, "Kumbe nyie ndio wezi wa kuku! Mmetufuata mpaka huku?" Mgeni akakaa chini akacheka, kisha akalia, kisha akala. Koo zile mbili ni watani tangu enzi za mababu, pande zote mbili za mto, na mto haukuwahi kuukata utani.

Esperanca alikulia hapo. Alisoma mpaka darasa la saba, na alipofika miaka ishirini akapata kibarua kwenye kitalu cha miche ya korosho kule Naliendele. Alikaa misimu mitatu. Alirudi na kisu kidogo cha kubebeshea, amekifunga kwenye kitambaa, na ujuzi ambao hakuna aliyekuwa nao kwetu. Mikorosho ya Mnalembo ilikuwa mizee, inazaa vikorosho vidogo visivyopendwa ghalani. Esperanca alipita shamba kwa shamba. Anakata kikonyo cha mti mzuri, anakipachika kwenye mche, anafunga kwa utepe wa plastiki, anamwambia mwenye shamba asiuguse hata kama unamtamanisha. Ukimlipa anapokea. Usipomlipa, mwaka unaofuata utamwona yuleyule anakuja kuangalia mche umeshika au haukushika, na kukugombeza kama hukuumwagilia. Mikorosho yangu minne yote ameibebesha yeye. Naweza kusema nusu ya korosho inayotoka kijijini kwetu kwenda Bandari ya Mtwara imepita mkononi mwake kabla haijawa korosho.

Aliolewa na Jaime, mpakiaji wa mizigo hapo bandarini, mtu mrefu asiyependa maneno. Wakapata mtoto mmoja, Celia, ambaye sasa anakaa Mtawanya, mjini Mtwara, na ana duka la vifaa vya shule. Jaime alifariki miaka tisa iliyopita, na hapo ndipo mimi mtu wa Same nilipouelewa utani wa kwao.

Esperanca alikuwa hajasema neno kwa siku mbili. Tumefika makaburini, jeneza liko pembeni, padri mgeni amefungua kitabu chake, mara Nandonde akarukia kaburini na kanzu yake nyeupe. Akalala chali, akakunja mikono kifuani. "Kaburi hili nimechimba mie, nalala mie," akasema toka chini, kwa lafudhi ya kwao inayogeuza m kuwa n. "Huyo Mreno wenu ntupeni ntoni, aogelee kwao!" Padri alishika kichwa. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Halafu nikasikia Esperanca anacheka, anacheka huku machozi yanamtoka, anapiga kelele, "Toka humo, mwizi mkubwa wee! Mleteeni jogoo wake atoke, mume wangu anachoka kusubiri!" Jogoo akaletwa. Nandonde akatoka na jogoo kwapani, akamkabidhi mtu amshikie, akapangusa udongo, akabeba jeneza upande wa kichwa. Siku arobaini mfululizo alimpelekea mjane kuni. Hakuna siku aliyompa pole.

Ndivyo ilivyo kwao. Mtani anatukana kwanza, analipwa jogoo wake, ndipo anafanya kazi. Na jambo moja mtani hafanyi: hamsifu mtani wake mbele za watu. Kumsifu ni kumtoa kwenye undugu, ni kumfanya mtu baki. Kwa karibu miaka sitini Nandonde alimwita Esperanca Mkimbizi. Akipita njiani: "We Nkimbizi, unarudi lini kwenu?" Naye: "Narudi nikishamaliza kukuzika, mwizi." Wanafunzi wangu walikuwa wanawaigiza.

Sasa matokeo ya kura yakatangazwa. Nchi ilisema Ndiyo kwa tofauti ndogo sana, na sisi wa huku tukasema Hapana kwa wingi. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana kura yenyewe ilipigwa siku moja lakini ugomvi wa kuitekeleza umekula mwaka. Redioni asubuhi walikuwa wanabishana, mchana wanabishana, huyu anasema wengi wameamua na uamuzi utekelezwe, yule anasema wengi hao wanakaa mbali, hawajui hata Ruvuma inaelekea wapi. Kijijini kwetu watu walisusiana hata misiba. Kituo cha bodaboda kiligawanyika, wa Ndiyo wakahamia upande wa pili wa barabara. Mwenyekiti wa kijiji alifunga ofisi wiki mbili akasema ana malaria, na sote tulikuwa tunamwona shambani kwake anapalilia. Mimi nilinyamaza. Watu walidhani nimepiga Hapana, nikawaacha wadhani hivyo.

Wakati tunaendelea kubishana, makarani wakaja.

Waliweka meza mbele ya ghala la korosho. Aliyekuwa mezani ni kijana aitwaye Goodluck, ametoka bara, mpole, amepanga kalamu zake tatu kwa mstari na simu yake imelazwa mezani inarekodi. Siwezi kumsema vibaya, na hilo linanikera. Utaratibu aliusoma kwa sauti. Asiyezaliwa nchini atathibitishwa kama aliingia kabla ya mwaka sabini na tano na akapokewa kijijini, mradi apate shahidi mmoja, mzaliwa wa hapo, mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini na tano, aseme mbele ya mkutano wote. Kitakachosemwa kitaandikwa, kitasomwa, shahidi ataweka dole gumba, basi.

Wazee wa umri huo waliobaki Mnalembo hawafiki sita, na mwenye akili timamu ya kukumbuka miaka ile ni Nandonde. Kwa hiyo tangu asubuhi alikuwa amesimama. Aliwashuhudia watu kumi na mmoja. Bernardino mlemavu wa mguu alimshuhudia. Neusa, yule mjane mwenye wajukuu watano, alimshuhudia. Wote hao si watani zake, kwa hiyo kwa kila mmoja alivua kofia, akasema kwa utulivu mwaka, jina la baba, mahali walipojenga kwanza. Goodluck alikuwa anaandika kwa raha. Shahidi wa namna ile hupatikana mara chache.

Wa kumi na mbili akaitwa Esperanca. Alitoka katikati ya wanawake na khanga yake mpya, kisu chake cha kubebeshea bado kiko kiunoni kwa sababu alitoka shambani moja kwa moja. Shahidi alimtaja mwenyewe. "Nandonde," akasema. "Ndiye aliyeniona nikija."

Nandonde akavaa kofia yake tena. Sisi tuliomjua tukaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Mzee, unamfahamu huyu?" Goodluck akauliza.

"Huyu?" Nandonde akamtazama juu mpaka chini. "Huyu ntu simjui. Huyu Nkimbizi."

Mkutano ukalipuka.

"Aliingia lini nchini?"

"Juzi! Juzi tu, nsimu wa mabibo. Kavuka na kikapu cha mihogo aliyotuibia sie. Kila nchana nnanfukuza haondoki."

"Mwongo!" Esperanca akapiga kelele huku anacheka. "Yeye ndiye anifuataye, anamtaka jogoo wangu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika bega la mtu wa mbele yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima watu wa Ndiyo na watu wa Hapana kucheka pamoja, na nadhani Nandonde aliliona hilo, akanogewa.

Goodluck hakucheka. Aliinama akaandika. "Mzee, unathibitisha maelezo hayo?"

"Nathibitisha. Ntupeni ntoni aogelee kwao."

Akasoma alichoandika, lakini katika kelele ile nani alisikia? Akasogeza kidau cha wino. Nandonde akaweka dole gumba, kisha akabaki amesimama pale pale mbele ya meza, anatabasamu. Niliwahi kumuuliza baadaye alikuwa anasubiri nini. Akaniambia alikuwa anasubiri amalizwe. Alikuwa anasubiri mtu aseme haya mzee, jogoo wako huyu, sema kweli sasa. Kwao utani una mwisho wake, na mtani huufunga mwenyewe akishaitwa. Ndivyo ilivyokuwa kaburini, ndivyo ilivyokuwa harusini kwa Esperanca, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Ukweli alikuwa nao mdomoni tayari: mwaka sitini na sita, sufuria moja, mlango wa mama yake. Goodluck akasema, "Asante mzee. Anayefuata."

Hata hapo hatukushtuka. Hilo ndilo linaloniuma. Mkutano mzima, watu zaidi ya mia mbili, hakuna aliyesogea mezani akasema kijana, hayo ni matani. Tulidhani kila mtu anajua.

Baada ya wiki tatu karatasi mbili zilibandikwa kwenye mlango wa ghala. Ya kwanza walioidhinishwa, ya pili wasioidhinishwa. Esperanca alipita hapo akadhani ni tangazo la dawa ya kupulizia mikorosho, akaendelea na safari yake. Jioni ile ile Celia alimpigia simu, ameona picha ya karatasi ikizunguka kwenye simu za watu huko mjini. Asubuhi nilimkuta kwangu mlangoni. Aliniuliza, "Mwalimu, nisomee vizuri. Wameandika nini mbele ya jina langu?" Nikamsomea. Ilikuwa imeandikwa: ameingia mwaka jana, shahidi amekataa kumtambua, mkutano umeunga mkono kwa kushangilia.

Tulikwenda mjini watatu, Esperanca, Nandonde na mimi, tukafikia kwa Celia kule Mtawanya, na kesho yake tukaenda ofisi ya uhakiki. Nje ya ofisi barabara ilikuwa imejaa. Upande mmoja watu wenye mabango ya kutaka kura iheshimiwe, upande mwingine wenye mabango kwamba hakuna anayeondoka, na katikati askari wamechoka. Wa Hapana walipopata habari zetu, jamaa mmoja mwenye kipaza sauti alimkimbilia Esperanca, akamwomba apande juu ya gari awaeleze watu. "Wewe ndiye mfano wetu, mama," alimwambia. Esperanca akamjibu kwamba yeye hana hotuba, ana miche mia mbili ameiacha juani na hajui kama jirani ameimwagilia. Jamaa akamtazama kidogo, kisha akamwacha akaenda kutafuta mwingine. Wa Ndiyo wakamzomea alipopita. Mwanamke mmoja wa rika lake alimwambia arudi kwao, na Esperanca kwa mazoea akageuka anatabasamu, akidhani ni mtani. Tabasamu lilimganda usoni alipoona yule hatanii.

Afisa aliyetupokea alikuwa mama mtaratibu, ana miwani, alitupa viti. Nandonde alisimama, akavua kofia, akaeleza yote: ukoo, utani, jogoo, mwaka sitini na sita. Sijawahi kumsikia anasema vizuri namna ile. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Babu, mimi nakuelewa," akasema. "Bibi yangu alikuwa na watani pia. Lakini karatasi haina mahali pa utani. Ukisema leo kwamba ulichosema siku ile si kweli, maana yake ulitoa maelezo ya uongo kwenye uhakiki. Hilo ni kosa lako kisheria. Na zaidi ya hapo, shahidi aliyesema uongo mara moja, ushahidi wake wote wa siku ile unafutwa."

"Wote upi?" Nandonde akauliza.

Yule mama akafunua faili, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Umeshuhudia wengine kumi na mmoja."

"Wapate shahidi mwingine basi," nikasema mimi.

"Muda wa ushahidi umefungwa, mwalimu. Nawapa siku saba mfikirie. Mkija, mje na jibu moja."

Tulirudi kijijini kwa basi. Nandonde alikaa dirishani, ameshika kofia yake magotini kama mtu anayemshikia mwenziwe kitu. Esperanca alimtania mara moja tu. "Mwizi, leo umeishiwa?" Akageukia nje.

Habari zilitutangulia. Siku ya pili Bernardino alikuja kwa Nandonde na mguu wake ule, akakaa chini mavumbini. Siku ya tatu akaja Neusa na wajukuu wote watano, akawapanga mstari mbele ya mlango. Siku ya nne wakaja wengine, na wakaja pia watu wa Ndiyo na watu wa Hapana, kila upande na hesabu zake. Wa Ndiyo wakasema mzee akibadilisha maneno ni ushahidi kwamba uhakiki wote wa Mnalembo umejaa uongo, urudiwe kwa ukali. Wa Hapana, wale wale waliokuwa wanaapa hakuna atakayeondoka, wakasema bora aondoke mmoja kuliko kumi na wawili. Niliwasikia kwa masikio yangu. Walisema kwa sauti ya huruma, na mimi nikaona bora wangesema kwa ubaya.

Nandonde hakulala siku zile. Mkewe aliniambia anakaa ukingoni mwa kitanda anajisemea peke yake, mwaka sitini na sita, mwaka sitini na sita.

Siku ya sita Esperanca aliingia uani kwa Nandonde, watu wamejaa. Alikuwa ametoka kwenye kitalu chake, mikono ina udongo. Alisimama katikati.

"Nimesikia mnakutana kwa habari zangu," akasema. "Nisikilizeni basi na mimi. Mimi ni ntu mmoja. Celia ana kwake, ana mume wake, hawamgusi. Nyie ni kumi na mmoja na watoto wenu na hawa wa Neusa. Mzee asiende mjini. Nimemaliza."

Alisema vile akatutazama mmoja mmoja. Nawaambia kweli, alikuwa anasubiri. Alikuwa anasubiri mtu mmoja tu aseme hapana, mama Celia, haiwezekani, tutaondoka wote au tutabaki wote. Ilitosha mtu mmoja. Bernardino aliinamisha kichwa. Neusa alimvuta mjukuu wake wa mwisho karibu. Mwenyekiti alikohoa. Na mimi, niliyebebeshewa mikorosho minne, mimi niliyepiga kura ya kumleta Goodluck na meza yake, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na nikatazama miguu yangu. Tulimshukuru. Ndiyo, tulimshukuru, mmoja baada ya mwingine, tukamshika mkono.

Gari lilikuja Jumanne. Kutoka vijiji vingine walikuwa wameshachukuliwa watu ishirini hivi, wamekaa juu ya mizigo yao. Walisema watapelekwa kituo cha muda mpaka nchi ya ng'ambo ikubali kuwapokea. Esperanca kule ng'ambo hamjui hata mtu mmoja. Kireno hajui neno zaidi ya jina lake.

Nilifika kwake mapema kumsaidia kufunga. Vitu vilikuwa vichache, na miche ilikuwa imeshagawiwa. Kwangu aliniachia kumi na kile kisu. Mlangoni kulikuwa na jogoo mkubwa mwekundu, amefungwa mguu kwenye kizingiti.

"Huyu unampeleka wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu turudi kutoka mjini. "Si wa yule mwizi? We unadhani atakubali niondoke hivi hivi? Atalala mbele ya gari, utamwona. Nimemwekea mkubwa ili asitucheleweshe, watu wa gari wana haraka."

Nikaelewa kwamba tangu asubuhi alikuwa amejiandaa kwa jambo hilo moja. Nyumba ameikubali, mikorosho ameikubali, kaburi la Jaime ameshakwenda kulifagia. Alichobakiza ni kutukanwa na mtani wake mbele za watu, amlipe, kisha aende kama mtu wa pale anavyokwenda.

Kijiji kizima kilikuja. Goodluck alisimama karibu na gari na orodha yake, na simu mkononi inarekodi kama siku ile. Nandonde akaja mwisho, amevaa kanzu safi, watu wakampisha. Nilimwona anaitazama ile simu. Alifika mpaka mbele ya gari, pale pale tulipodhani atalala, akasimama. Kisha akasogea pembeni. Akavua kofia.

"Safari njema, mama Celia," akasema. "Mungu akutangulie."

Esperanca alikuwa ameshamfungua jogoo, amemshika kwapani. "Acha upuuzi, mzee," akamwambia. "Gari hilo hapo. Lala."

"Umeishi nasi vizuri, mama Celia."

"Lala, nakwambia! Sema Mkimbizi anarudi kwao. Sema!"

"Wewe ni ntu mwema," Nandonde akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya uhakiki, ile aliyowashuhudia nayo wale kumi na mmoja. "Hukumwibia ntu. Hukumkosea ntu. Tunakushukuru."

Nilikuwa namtazama Esperanca usoni. Siku zote zile hakuwa amelia, kwenye ofisi hakulia, uani hakulia. Sasa alilia kwa sauti, kama mtoto anayeachwa sokoni. Alinitupia jogoo mikononi, akapanda gari bila kusaidiwa, akakaa akatugeuzia mgongo. Goodluck aliweka alama kwenye orodha. Gari likaondoka taratibu kwa sababu barabara ya ghala ina mashimo, kwa hiyo tulikuwa na muda mrefu wa kuutazama ule mgongo, na hakugeuka.

Redioni bado wanabishana. Jana kulikuwa na mtaalamu anaeleza kwamba huenda matokeo yasitekelezwe yote, huenda kura ikarudiwa, huenda mahakama ikasema neno. Celia amepata simu ya mama yake mara moja tu. Aliuliza kama miche imeshika. Mitatu kati ya kumi niliyoachiwa imekauka, lakini nilimwambia Celia amwambie yote imeshika.

Jogoo ninaye mimi. Nimempelekea Nandonde mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua mlango. Mara ya pili alifungua, akamtazama, akamshika kidogo kichwani kwa kidole, akanirudishia.

"Si wangu, mwalimu," akasema. "Mie sikulala."